Askari Wazee wa Bibi na Harusi ya Ubaruku

Mpendwa mshauri Noorjahan,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka kwa kicheko au kwa kilio, maana sijui kipi kitatangulia. Nimemaliza kidato cha sita juzijuzi na kichwa bado kimejaa biolojia, na kwa kuwa naona aibu kuongea na watu huwa namsimulia bibi yangu peke yake tukimenya ndizi, basi nikamwambia mwili una askari waitwao seli T, wanafunzwa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na kadiri tunavyozeeka tezi hiyo inasinyaa, askari wapya wanakuwa wachache, wanabaki wengi wakongwe wanaokumbuka maadui wa zamani, na nilivyofurahi nikachora hadi sakafuni kwa mkaa! Bibi akasema, "Ndaga, mjukuu wangu, asante, umeniokoa. Kumbe askari wangu wanajua magonjwa ya hapa kwetu Mwanjelwa tu. Ubaruku siendi."

Mshauri, Jumamosi hii dada yangu Anjela anaolewa huko Ubaruku na Tadeo, mkulima wa mpunga, na bibi ndiye wa kumkabidhi kwa mama mkwe. Sababu hamwambii mtu. "Siri za jeshi hazitangazwi," ananikonyeza. Sasa ukoo wa Tadeo unasema amewadharau, na Anjela analia kwamba bibi hampendi mchumba wake. Wakiniuliza, nakimbilia jikoni. Nifanye nini?

Mwenye Aibu, Mwanjelwa

Mwenye Aibu,

Barua yako imenichekesha mpaka chai imenimwagikia. Sasa kaa nikugombeze. Umemfundisha bibi nusu ya somo ukaendelea kumenya ndizi! Tezi hiyo huanza kusinyaa mapema. Hata yako imeshaanza, mbona wewe pilau ya harusi huikimbii? Askari wakongwe hawalindi mtaa mmoja. Adui waliyemzoea Mwanjelwa watamtambua hata akipakwa matope ya Ubaruku. Kwa ugonjwa mgeni huchelewa kujipanga, ni kweli, kwa hiyo mpeleke zahanati mkaulize chanjo zinazomfaa, mwenye mafua asimkumbatie, na mbebee chandarua: mbu wa mashamba ya mpunga hawaulizi umri.

Lakini kwanza mwite Anjela, mpige magoti wote wawili mbele ya bibi, umwambie, "Bibi, somo halikuwa limekwisha." Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Dada yako amelia vya kutosha kwa ajili ya aibu yako.

Majina nimeyabadilisha, ila bibi anayegomea harusi kwa sababu ya seli T ni mmoja tu mkoa mzima. Gazeti hili leo liko Mwanjelwa, kesho linasomwa Ubaruku. Kimbia, binti!