Nani Aliimba Upande wa Pili wa Kaseti

Kwa Mzee Josiah,
Golbanti,
S.L.P. 17,
Garsen.

14 Novemba, 1998

Mpendwa Shangazi Tuneya,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na kabla ya lolote nakuuliza hali. Je, baridi ya Eldoret imekuonea huruma, au bado unacho kile kikohozi ulichomwandikia Baba mwezi wa nane? Sisi huku tu wazima. Mafuriko ya El Nino yalituachia mchanga mashambani na mbu kila pembe, lakini mpunga wa mwaka huu umeinama vizuri. Nyanya goti linamsumbua siku za kupalilia. Siku za harusi linapona.

Utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Mimi ndiye yule mtoto wa kaka yako aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija. Sasa niko kidato cha tatu hapa Garsen, na bado ningejificha, ila darasani mlango uko mbali na dawati langu. Kusema siwezi. Kuandika naweza kidogo.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Bwana Mwaringa, alikwenda semina Mombasa mwezi wa tano akaonyeshwa kompyuta yenye ensaiklopidia nzima ndani yake, yaani kitabu cha kueleza kila kitu duniani. Akatafuta habari za Tana, akakuta mistari miwili na picha ya mamba. Alirudi na hasira, akaanzisha chama. Tuandike yetu wenyewe katika daftari kubwa la jalada gumu, Kiswahili ukurasa wa kushoto, Kiingereza wa kulia, kisha binamu yake wa Mombasa aichape na kuiweka kwenye mtandao wa kompyuta, isomwe hata Japani. Yeyote anaruhusiwa kusahihisha alichoandika mwenziwe, ila hakuna kufuta. Unapiga mstari mmoja, unaandika chako juu yake, unatia herufi za jina lako na kutaja habari umeitoa wapi.

Ni kanuni nzuri, Shangazi. Ubaya ni watu.

Tumeandika juu ya mamba, juu ya mission ya zamani, juu ya mafuriko. Hayo yalikwisha kwa siku chache. Tuliponasa ni kwenye albamu ya Bendi ya Diba, ile kaseti ya mwaka 1991, Mto Umegeuka. Kila nyumba ya Garsen inayo, au ina jirani aliyeiazima asirudishe, kwa hiyo kila mtu ni mtaalamu.

Mtaalamu mkuu ni Elvis, ambaye baba yake ana duka la redio mjini na hunakili kaseti. Elvis alianza kwa kuandika kwamba hii ndiyo albamu kali kuliko zote Afrika. Alipoulizwa amelitoa wapi hilo, aliandika: "Inajulikana." Halafu akaandika kwamba ina nyimbo tisa, na akaipa ile ya tisa aya nzima, kwamba hapo Diba alifika kileleni, akiimba Kipokomo cha ndani kabisa ambacho vijana wa leo hawakielewi. Shangazi, kaseti ya Diba ina nyimbo nane. Dukani kwao waliponakili waliona utepe umebaki wakajazia wimbo wa Wakongo. Kile Kipokomo cha ndani ni Kilingala. Mimi Mpokomo niliketi hapo nikasikiliza aya yote ikisomwa, nikatazama viatu vyangu.

Ruwaida, mwenzetu wa chama, ni wa Kipini kule pwani. Kiswahili ni cha mama yake, nasi wengine anatuona tumekiazima na tunakichafua. Yeye hajali nyimbo ni ngapi. Anapiga mistari kwenye maneno ya watu, akishamaliza anapuliza wino. Wiki mbili walizozana yeye na Elvis kama iitwe albamu au kanda. Wiki mbili hizo ukurasa uliongezeka mistari mitatu, na miwili kati yake imekatwa. Nikawadharau wote. Usiku nikilala nilikuwa nawajibu vizuri sana.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu.

Karatasi ya jalada la kaseti inasema waimbaji ni Diba na Arafa, mkewe. Lakini wimbo wa kwanza wa upande wa pili, "Kaviha Kaniacha Ng'ambo", mimi naijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikiniita nije nile. Nilikuwa na miaka tisa ulipoondoka, na hakuna aliyenieleza chochote, ila kila wimbo ule ukipigwa redioni Nyanya hukumbuka kitu jikoni.

Mwezi wa tisa, wenzangu walipokwenda kula, nilipiga mstari kwenye jina la Arafa nikaandika: "Tuneya, binti wa Golbanti." Nikatia V.J. Nilikoitoa habari sikutaja.

Kesho yake Elvis akasoma kwa sauti. Akauliza V.J. ni nani, na kila mtu akageuka.

"Mazee, huyu Tuneya umemtoa wapi?" akasema. "Kaseti yenyewe inasema Arafa. Au wewe unaijua kuliko kaseti?"

Ruwaida akaongeza kwamba wenzangu wana karatasi iliyochapwa, mimi nina hewa. Wakacheka. Bwana Mwaringa, kwa upole, akaniuliza kama namjua mtu huyu.

Nikasema simjui. Nikasema nilikosea. Halafu, Shangazi, nikapiga mstari kwenye jina lako kwa mkono wangu mwenyewe, mbele yao, na mstari ukatoka mnyoofu. Nisamehe. Nimejaribu kuliweka jambo hili kwa namna ambayo linanipendeza, sijapata.

Mwalimu kwa kutaka uhakika akamwalika Arafa. Tangu Diba afariki anauza mahamri karibu na stendi. Nilimdharau kabla hajafika: mtu aliyekula sifa za mwenziwe miaka saba. Akaja, akanywa soda ya chama, akaulizwa kuhusu wimbo ule.

"Mimi?" akasema. "Wanangu, mimi hata mtoto nikimbembeleza huzidi kulia. Yule alikuwa msichana wa Golbanti. Baba yake alipojua anaimba kwenye bendi ikawa vita. Diba akatia jina langu, karatasi ya kaseti isibaki na pengo. La msichana mwenyewe niliapishwa nisilitaje, na sitalitaja."

Akaondoka na heshima yake yote, nami dharau yangu nikabaki nayo mkononi sijui niiweke wapi.

Elvis hakukaa dakika. Akapiga mstari, akaandika kwa maringo: "Mwimbaji hajulikani. Habari: Bi. Arafa." Ruwaida akasoma, akasema sentensi hiyo haina kosa. Hajulikani, na mimi nimekaa pale na pua yako usoni pangu. Elvis hajui Kilingala, ndiyo sababu aliandika upuuzi. Mimi mwimbaji nilikuwa namjua, na nikanyamaza mara ya pili.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu kulichukua daftari nyumbani ili ninakili nakala safi. Mchana niliandika hivi: "Aliyeimba ni Tuneya wa Golbanti. Kaseti ilipotoka, Agosti 1991, baba yake alimfukuza nyumbani kwa sababu ya kuimba, naye akahamia Eldoret." Mwezi niliukisia. Nikaona nikilipeleka kwa kificho nitakuwa sina tofauti na walioandika karatasi ya kaseti. Babu alikuwa uani anasuka mgono wa kutegea samaki. Nikasimama mbele yake nikamsomea. Nilisoma kwa sauti kubwa mpaka kuku wakaniangalia.

Akapitisha ufito mmoja kwenye mgono. Halafu akasema jina niandike, la kufukuza niliache, maana hao Wajapani haliwahusu.

Mimi ambaye sijawahi kumjibu mtu mzima, nikamwambia nikiliacha watauliza kwa nini karatasi inasema Arafa, na Elvis atawajibu. Babu akasema nimekuwa wakili kabla sijajua kusonga sima. Akarudi kwenye mgono wake. Nikaona yamekwisha, nikageuka niende zangu. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Si Agosti," akasema. "Ilikuwa Juni, Jumapili ya pili, tumetoka ibadani. Alivaa gauni la kijani, na begi lilikuwa la kuazima. Kama unaandika, andika sawa."

Nikakata Agosti nikaandika Juni. Penye kutaja nilikoitoa habari nikaandika: "Baba yake." Akaomba aone. Kusoma bila miwani hawezi, lakini alilishika daftari kwa muda.

Bwana Mwaringa analipeleka daftari Mombasa tarehe 30. Nakuomba uniandikie kabla ya hapo. Kama hutaki jina lako lisomwe na watu wasiokujua, sema, nami nitanakili ukurasa bila hilo, maana hata ruhusa sikukuomba. Kama unataka, niambie pia mwaka uliozaliwa, na yeyote mwingine aliyeimba nawe. Na ukiona nimekosea popote, nisahihishe. Usinionee haya.

Baba anakusalimu na anasema begi lile lilikuwa lake. Mama yangu Alice anakusalimu, na Nyanya, ambaye amefunga kanga mbili kwenye karatasi anangoja mtu wa kwenda huko. Babu hakusema nikusalimie. Aliniuliza tu barua ya kwenda Eldoret huchukua siku ngapi, na leo asubuhi ameniuliza tena.

Mungu akukinge na baridi hiyo, na akupe pumzi ya kutosha.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Valary Josiah