Mafuta Hayakukuponya Goti

Mama Cherono, rafiki yangu,

Nina kichefuchefu tangu Jumamosi, na si cha tumbo. Ni mkweo, Kiptoo.

Nilikuwa natoka Naivasha kumwona dada yangu, gari likasimama Kikopey ili abiria wale nyama. Kando ya bucha moja nikaona meza, chupa za mafuta zimepangwa, na juu yake picha yako. Wewe, unapanda ngazi za kanisa bila fimbo. Picha niliyoipiga mimi! Chini wameandika: "Nilipaka chupa tatu tu."

Hukuwahi kuyapaka. Uliyanusa mara moja ukasema, "Haya ni ya bawaba za mlango."

Mimi najua kilichokuinua: yale mazoezi yetu ya video. Wewe Njoro, mimi hapa Nakuru, kila mtu sebuleni kwake, Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, simu imeegemezwa kwenye thamosi. Magoti yako yaliliwa na miaka ya kusimama kwenye saruji ukifunga maua. Yangu na magunia ya viazi. Njoki, yule daktari wa mazoezi, alituambia tufumbe macho, tufuate pumzi, tuyatazame maumivu bila kugombana nayo. Ukasahau kuzima sauti, sote tukasikia: "Nimeyatazama. Bado yanauma." Njoki mwenyewe alicheka.

Lakini ulirudi. Ukainuka kitini na kuketi, mara kumi, machozi yakikutoka. Miezi saba. Ndipo ukaniita nije nikuone kwenye zile ngazi. Halafu homa ya mapafu ikakuchukua.

Sasa pale mezani, mama mmoja mwenye mkongojo alikuwa akimuuliza Kiptoo kama aendelee na mazoezi aliyopewa hospitalini.

"Achana nayo, mathe. Paka tu. Huyu alikuwa mama mkwe wangu, angekuwa hai angekuambia."

Alisema hayo akitafuna mbavu, mafuta yakimtiririka kidevuni. Na nitakuambia la aibu: niligeuka nirudi garini. Hatua tatu nzima nilikuacha pale. Hilo bado linanichukiza kuliko yeye.

Kisha nikarudi. "Mwongo! Mimi ndiye niliyepiga hiyo picha."

Akacheka. "Shosho, hii ni biashara. Marehemu hadai kitu."

Marehemu hadai kitu! Nikaibandua picha. Ilipasuka hapo kwenye paji lako, nisamehe. Yule mama akairudisha chupa mezani, nami nikampa namba ya Njoki. Jumanne hii alikuwa nasi, anapumua kwa kelele kama jiko la makaa.

Kiptoo hajaacha. Nasikia amebandika picha ya mama mzee mwingine. Nilimpigia Cherono, mkewe, akaniambia, "Tuachie mambo ya nyumba yetu," akakata. Mtoto uliyembeba mgongoni! Njoki akituambia tusikilize mwili, mimi siku hizi sisikii goti. Nasikia hasira. Naitazama. Haiondoki.

Basi lala salama, mwenzangu. Nakuahidi jambo moja: wiki ijayo nitakwenda kwa Cherono. Kile kilima cha kwake nitakipanda kwa miguu yangu, polepole, nikipumzika nitakapochoka. Na sitatoka mlangoni pake hadi anisikilize.

Wako,
Mama Muthoni