Sheria Niliyoianzia Kwako

Mpendwa mjukuu wangu,

Niwie radhi kwa kukaa kimya miezi mitatu tangu uhamie kwa shangazi yako huko Katito. Kalamu ninayo na karatasi ninazo. Nilichokosa ni ujasiri. Jina lako siliandiki hapa. Nilikwisha kulitamka mbele ya watu wengi kupita kiasi.

Unakumbuka Jumamosi zetu za soko la samaki la Dunga? Wewe ulibeba kikapu, nami nikakufuata nyuma kama mkaguzi. Muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alipotaja bei, ulimwambia, "Mama, kwa bei hiyo hata paka wetu atahama." Alicheka mpaka akakuongezea konzi nzima. Tukifika nyumbani ulinifundisha kutumia simu. "Babu, usiibonyeze kama unapiga mhuri! Gusa tu." Nilikukaripia kwa kunicheka, lakini moyoni nilifurahi.

Nadhani ndiyo sababu uliniamini siku ile. Ulikuja sebuleni ukiwa bado na sare, ukaniwekea simu mapajani. "Babu, huyu mtu alisema ni msichana wa shule moja ya Ahero. Sasa anataka picha zangu, na nisipotuma ataniharibia jina." Hukuwa umetuma hata moja. Ulitaka msaada tu.

Lakini mimi, mwalimu mstaafu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na mimi ndiye niliyeandika sheria ya shule: mwanafunzi atakayewasiliana na mtu asiyemjua mtandaoni atasimamishwa mbele ya gwaride, kisha atarudishwa nyumbani wiki mbili. Niliogopa kuambiwa kwamba napendelea damu yangu. Asubuhi nilikupeleka mwenyewe, ukawa wa kwanza kuadhibiwa kwa sheria hiyo. Nilisoma jina lako na kosa lako kwa sauti ile ya darasani. Ulinitazama mara moja tu. Walimu wakanishika mkono: "Mzee ni mtu wa haki." Nami, Mungu anisamehe, niliona fahari. Wiki mbili zilipokwisha, ulikataa kurudi shuleni, ukakataa pia kukaa nyumbani kwangu.

Juma lililopita alinijia mama wa msichana wa darasa lenu. Mtu yule yule alikuwa akimtisha binti yake kwa miezi kadhaa, naye binti alikuwa akituma picha, akaacha hata kula. Mama akasema, "Nilimwuliza, mbona hukuniambia? Akanijibu, 'Niseme ili nisimamishwe kama mjukuu wa Mwalimu?'" Aliyasema hayo bila ukali. Afadhali angenitukana.

Tulikwenda polisi. Wameandika maelezo, lakini mtu huyo ameifuta akaunti yake, na pengine leo ana jina jingine na anazungumza na mtoto mwingine.

Nimeiomba kamati ifute sheria ile. Nimeomba achaguliwe mwalimu mmoja ambaye mtoto atamweleza mambo kama haya bila kuadhibiwa, na sisi wazazi tufundishwe kusikiliza kabla ya kunyakua simu na kufoka. Mjumbe mmoja alinikatiza: "Mwalimu, si wewe uliyetuambia tukilegeza, watoto watatupanda kichwani?" Ni kweli, maneno yalikuwa yangu. Wengine walicheka.

Sina matumaini makubwa. Nilifundisha miaka mingi nikiamini kwamba mtoto mwenye hofu ni mtoto aliye salama. Yule binti aliogopa sawasawa na nilivyotaka, na hofu hiyo ndiyo iliyomwacha peke yake na adui. Wewe hukuogopa, nami nikakufunza kuogopa. Sijui jambo hilo linarekebishwaje kwa umri wangu.

Kamati inakutana Ijumaa. Wakishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata jibu likiwa hapana. Sikuombi urudi, wala si lazima unijibu. Ila akikujia tena mtu wa namna ile, mwambie shangazi yako. Yeye hajaandika sheria yoyote.

Ni mimi,
Babu yako