Usiwashe Swichi ya Jikoni

Mama watoto,

Usiguse swichi ya jikoni, nimezima umeme wote kwenye mita. Asubuhi nilikuwa naitengeneza swichi hiyo, bintiyo akaniambia, "Baba, huo waya ni wa kijani, si mwekundu." Nikamfokea mtoto wa watu bure. Alikuwa sahihi.

Wiki ya pili hii rangi zinanipotea. Ni vile vidonge vya TB sugu. Nilinyamaza kwa sababu ndivyo vilivyosafisha makohozi yangu, na daktari akijua huenda akavikata.

~~Usimwambie mtu.~~ Nimekwenda kliniki kumwambia mwenyewe.

Madirisha yaache wazi. Fundi mwenzangu atapita saa nane kumalizia swichi. Mpe na mfuko wangu wa vifaa, aondoke nao.

Mumeo