Kadi ya Gofu ya Baba Yako

Nyumba ya kona,
nyuma ya karakana ya viatu,
S.L.P. 318.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu, Mama Kwanini wa maswali yasiyokwisha,

Pokea salamu za mjomba wako mkorofi. U hali gani? Mumeo je, na wale pacha wameacha kung'atana? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto linalalamika kila nipandapo ngazi. Mke wangu anasema afadhali goti, mwenyewe nalalamika zaidi.

Najua umenikasirikia. Barua mbili hujajibu, na simu zangu unazikata. Shangazi yako alikueleza kwamba nilimwita baba yako mwizi mbele ya watu. Alikueleza kweli, wala hakutia chumvi. Ninachokuomba ni usome hadi mwisho, kwa kuwa mambo hayakuishia pale.

Nianze na hiyo gofu yenyewe. Miaka thelathini na minne nilizunguka madukani na sanduku langu la mawe, nikikagua mizani za watu: nzima naigonga muhuri, mbovu naifungia. Siku ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikavaa viatu, kisha nikakaa kitandani sijui niende wapi. Wiki ya tatu mke wangu akanikuta jikoni napima pakiti za sukari nione kama kilo ni kilo kweli. Akampigia baba yako simu. "Shemeji, njoo umchukue huyu mtu kabla hajanitia wazimu."

Baba yako alikuwa akicheza gofu tangu alipostaafu posta, na tangu mama yako alipotutoka, uwanja ule ulikuwa ndio nyumba yake. Alinipa fimbo zake za zamani. Siku hiyo nilipiga hewa mara sita. Mara ya saba nikapiga udongo, bonge likaruka na kutua juu ya kofia yake. Alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Tangu tumzike dada yangu sikuwa nimemsikia akicheka namna ile, na nikaipenda gofu papo hapo kwa sababu hiyo tu.

Basi kila Jumanne na Ijumaa tukawa tunatoka, wazee wawili tunavuta mikoba yetu, tunapiga, tunatembea, tunasengenya kidogo. Wewe unajua baba yako alikuwa mtu wa aina gani pale posta. Ungemtajia jina la mtu yeyote mjini, angekutajia namba ya sanduku lake bila kufungua daftari.

Kuna desturi moja ya mchezo huu lazima nikueleze. Kila mpigo unahesabiwa, na anayemaliza mashimo yote kwa mapigo machache ndiye mshindi. Refa wa kukufuata hakuna. Kadi yako anaiandika mwenzako, lakini kila mkimaliza shimo ni wewe unayemtajia umepiga mara ngapi. Ukisema tano, anaandika tano, anakuamini.

Sasa fikiria mkaguzi wa mizani katika mchezo huo! Kazi yangu yote ilikuwa kutomwamini mtu. Nikawa namhesabia baba yako kimoyomoyo. Sikukusudia, ni mazoea. Na tangu mwaka jana nikaanza kuona: anapiga saba, anasema tano. Anapiga sita, anasema nne. Nilinyamaza miezi kadhaa huku nikiuma meno. Iliniuma kuliko ulaghai wote niliowahi kuukamata, maana wale wenye maduka sikuwa nikiwapenda.

Mwezi wa nne kukawa na shindano la kikombe cha wastaafu. Shimo la mwisho baba yako alipiga saba, akasema tano, na kwa tano hiyo kikombe kilikuwa chake. Watu kumi na sita walikuwa wamesimama pale. Nikasema kwa sauti: "Saba, shemeji. Na si leo tu. Unaiba tangu mwaka jana."

Akanitazama, akaitazama kadi. "Mimi?" akasema. Akavua kofia, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Nami nilirudi nyumbani nikijiona nimetenda haki. Nakuambia ukweli, usiku ule nilipata usingizi mzuri.

Wiki tatu sikukanyaga uwanjani. Kisha Jumanne moja nikasikia mlango unagongwa. Ni baba yako na mkoba wake, ananiambia tumechelewa. Nikadhani amemeza hasira yake, nikaona aibu, nikamfuata. Shimo la nne alicheza vizuri ajabu, mapigo manne safi. Nikatoa kalamu.

"Niandikie saba," akasema.

Kalamu nikairudisha mfukoni, mpwa wangu. Kazini kuna jambo tulilokuwa tukiwafundisha wakaguzi wapya siku ya kwanza kabisa. Mizani iliyochezewa hukosea upande mmoja tu, upande wa mwenye duka. Ukiona mizani leo inampunja mnunuzi na kesho inampunja muuzaji, hapo usitafute mlaghai. Mizani yenyewe inaumwa. Nimelisema hilo kwa miaka, na sikuliona kwa mtu aliyemwoa dada yangu.

Nikamwuliza taratibu, "Shemeji, umepiga mara ngapi?" Akageuka, akaitazama njia tuliyotoka.

"Sijui," akasema. "Siku nyingi sasa sijui. Nakisia tu."

Tumeshakwenda hospitali. Daktari amempima mara mbili, anasema ni maradhi ya kusahau, yanakwenda polepole. Dawa za kuyachelewesha kidogo zipo, za kuyaondoa hazipo. Tutarudi tarehe tisa mwezi ujao, na daktari angependa nawe uwepo.

Utaniuliza kwa nini kwenye simu unamsikia mzima. Anajiandaa. Nimeiona karatasi aliyoiweka kando ya simu, ameandika majina ya pacha, kazi ya mumeo, na mliyozungumza mara ya mwisho. Huisoma saa yako ya kupiga inapokaribia. Mimi niliiona nikatoka nje, nikalia kama mtoto.

Mwanzoni alinikataza kukuambia. Ijumaa akabadili mawazo mwenyewe, tukiwa tunafungasha fimbo. "Mwandikie," akasema. "Ila mwambie aje sasa. Asingoje mpaka nimwulize yeye ni nani."

Usije na hofu. Bado anapika, anafua, anapiga pasi mashati yake, na bado ananishinda gofu. Siku hizi nahesabu kwa sauti, mapigo yake na yangu. Anasema nina sauti ya kuudhi.

Lililobaki ni la kwangu. Wale kumi na sita nimewafuata mmoja mmoja, nikawaambia mwizi hakuwepo, aliyekosea ni mimi. Shangazi yako nimemwendea nyumbani kwake, akanisema mpaka akachoka. Lakini baba yako mwenyewe nimemwomba radhi mara mbili, na mara zote mbili ananiuliza amekosewa nini. Nikimweleza, uso unamshuka kama ndiyo kwanza anasikia, anaumia upya. Sitamrudishia maumivu yale mara ya tatu. Kwa hiyo nakuomba wewe, mwanawe, unisamehe kwa niaba yake, maana yeye hawezi tena.

Nisalimie sana mumeo na mama mkwe wako. Pacha wabusu kila mmoja kwa zamu yake, wasije wakagombana. Mke wangu anakusalimu, na kitanda chako amekwisha kukitandika. Mungu akulainishie moyo na akufikishe salama.

Ni mimi nikupendaye, hata usiponijibu,

Mjomba wako