Walichokikuta Tumboni mwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimepika uji. Nimefua mashuka ya mama mkwe. Choo chake bado cheusi kama lami, na amekonda mpaka kanga haimkai kiunoni. Dawa za vidonda vya tumbo kamaliza. Hospitalini walimshushia kamera hadi tumboni, haikuona kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Kaanguka uani. Majirani wakajaa. Akasema mbele yao, "Huyu mkamwana ananilisha sumu."
Hamisi, mume wangu, alinyamaza. Namchukia kwa kunyamaza kule.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefukuzwa Tindiga, nyumbani kwa mume wangu. Niko Mikumi kwa mama yangu. Mwanangu Asha wamemzuia. Ana miaka minne.

Jumanne, 15 Aprili
Hamisi kapiga simu kutoka Dar, alikompeleka mama yake hospitali. Picha ya CT ilionyesha uvimbe kwenye utumbo mdogo, mahali kamera ile haifiki. Wakampasua, wakakata kipande kilichokuwa kinavuja damu. Maabara wamesema ni saratani, ya aina wanayoiona mara chache sana. Imeshafika kwenye ini. Atameza vidonge kila siku, pengine maisha yake yote.
Nilifurahi. Nimeandika, na sifuti.

Alhamisi, 24 Aprili
Nimerudi Tindiga. Hamisi kaniomba nimuuguze mama yake. Nimekuja kwa ajili ya Asha.
"Shikamoo mama." Hakuitikia.
Kidonge kimoja baada ya chakula, na glasi kubwa ya maji. Macho yamemvimba. Daktari alishamwambia Hamisi kuwa dawa ndiyo inayovimbisha. Mama mkwe anasema ni mimi.

Jumatano, 30 Julai
Kipimo kipya: uvimbe wa kwenye ini umepungua. Anakula, anatembea hadi kisimani.
Wageni walikuja kumpongeza. Nilikuwa jikoni, napakua wali. Nikamsikia: "Sumu yake ndiyo iliyogeuka saratani. Madaktari wameitoa."
Hamisi alikuwa amekaa hapo hapo. Karatasi ya maabara kaisoma mwenyewe. Baadaye akaniambia, "Mama ni mgonjwa. Vumilia."
Miezi mitatu namwosha mgongo.

Ijumaa, 1 Agosti
Nimemweleza Hamisi saa ya kumpa mama yake kidonge. Nimemkabidhi pakiti. Nimembeba Asha, nikatoka. Hamisi aliita jina langu mara moja, sikugeuka.

Jumapili, 10 Agosti
Mikumi. Mvua hakuna. Asha kachora ukutani kwa mkaa, sikumgombeza.
Jirani kauliza mama mkwe anaendeleaje.
Nikasema anaendelea vizuri. Ni kweli.