Natafuta Mashine, Sauti ya Mama Inaisha

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, naomba unisaidie hata kwa kunikemea, maana nyumbani wote wamenyamaza na kunyamaza kwao kunanichosha kuliko kelele. Mimi ni fundi sauti, narekodi kwaya, hotuba na harusi, na mama yangu ni mwimbishaji wa kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu tangu sijazaliwa, yaani sauti yake niliijua kabla sijajua maneno, na sasa daktari wa koo ameona uvimbe kwenye nyuzi zake za sauti, amesema mwezi ujao atafanyiwa upasuaji, sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi, na hata ikirudi huenda isiwe ile. Wenzake wamepanga kuimba naye Jumamosi ijayo kwenye ukumbi wa mtaa, na familia nzima ikanigeukia mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu, ingawa mama mwenyewe sijawahi kumrekodi akiimba, na hapo ndipo balaa langu lilipoanza.

Ukumbi ule umeme wake ni wa kubahatisha, na ukikatika wanawasha jenereta ambalo muungurumo wake unaingia mpaka kwenye nyaya zangu, kwa hiyo nikaamua safari hii nitafute priampu ya betri, kile kijisanduku kinachopokea sauti ndogo ya maiki na kuikuza kabla haijaingia kwenye rekoda. Nikaenda kwa muuza vifaa ninayefahamiana naye, akaniruhusu nibebe, nijaribu, nirudishe. Ya kwanza ni ndogo, inatumia betri za kawaida zinazouzwa kila duka, lakini ukiipandisha kufuata sauti ya mama, ambayo siku hizi imekuwa nyembamba, kwa nyuma unasikia mchirizo kama wa mafuta yanayokaanga chumba cha pili, nikairudisha. Ya pili ni tulivu mno hata unadhani umesahau kuiwasha, lakini betri yake imo ndani kwa ndani, haibadilishwi, na ikilisha umeme maiki mbili kwa pamoja taa inakuonyesha chaji ipo nusu, ukigeuka imezima, nikairudisha hiyo nayo, nikaichukua tena ya kwanza, nikairudisha tena, na sasa muuza vifaa akiniona mlangoni anajifanya anapanga waya. Fundi mwenzangu ananiambia ningoje, kuna nyingine inakuja, tulivu na ya betri za kawaida, yote mawili.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Kila mashine ninayoileta namkalisha mama kwenye kiti sebuleni, nasimamisha maiki, navaa hedfoni, namwambia, "Mama, hesabu kidogo nisikie," naye anahesabu, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, kama tunavyofanya sisi mafundi tukijaribu maiki, mimi nageuza vifundo vya kupandisha na kushusha sauti na kukunja uso, namwambia arudie, na akitaka kuanza wimbo namkatiza, "Bado mama, usichoshe koo, wimbo tutauweka kwenye mashine ya kweli." Juzi alihesabu mpaka akakohoa, akaomba maji ya uvuguvugu, akanitazama, akasema, "Baba, hizi mashine zako nimeshazifundisha hesabu zote. Kuimba zitanisikiliza lini?" Nikajifanya nasikiliza hedfoni.

Na lipo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mdogo wangu wa kike aliwahi kumrekodi mama kwa simu, kabla hata hatujampeleka kwa daktari, mama yuko jikoni anaimba peke yake, akaniletea kwa furaha, mimi nikasikia sufuria zinagongana na bomba linamwaga maji, nikamwambia hii si rekodi, hii ni kelele, ifute, usije ukaisambaza kwa ndugu watu wakadhani ni kazi yangu, mama nitamrekodi mimi vizuri. Tangu siku hiyo kila nikimwambia kitu ananijibu "sawa kaka", basi. Mke wangu naye kasema mchagua jembe si mkulima, kisha akaendelea kukunja nguo.

Mshauri, nakuuliza kama fundi na kama mtoto, nichukue ipi? Nikichukua yenye mchirizo nitausikia maisha yangu yote, na nikichukua ile tulivu ikazima katikati ya wimbo sijui nitamtazama mama kwa macho gani. Au ningoje hiyo inayokuja?

Wako,
Mwenye Hedfoni

JIBU

Mwenye Hedfoni, pole. Pole ya mama kwanza, ya mashine tutaifikia.

Kabla sijahamia kwenye meza hii ya gazeti nilikaa sana mbele ya maiki za redio, tena nyingine za kuaibisha, kwa hiyo usidhani umemwandikia mtu asiyejua unachokisema. Jibu lako ni hili: chukua ile ndogo ya betri za kawaida. Ichukue leo, usirudi tena kwa yule muuza vifaa, mwache mtoto wa watu apumzike. Kwenye shughuli inayofanyika mara moja, kifaa kibaya ni kile kinachozima. Mchirizo utausikia wewe na mafundi wenzako wawili watatu. Wimbo ukikatika katikati, atasikia kila mtu, na mama yako atakuwa wa kwanza.

Jumamosi weka betri mpya kabla ya kuanza, na nyingine ziwe mfukoni mwako, sio kwenye begi ulilomwachia mtu. Wakipumzika, badilisha, hata kama taa inasema bado zipo.

Halafu huo mchirizo. Barua yako ndefu yote hujaniambia maiki umeiweka wapi, na mimi nahisi umeisimamisha mbali, kama unavyofanya kwa kwaya nzima, ndiyo maana unalazimika kupandisha sauti mpaka kijisanduku kianze kukaanga. Isogeze. Umbali wa shibiri moja na mdomo wake, pembeni kidogo pumzi isiipige. Maiki ya pili wape wenzake. Utashusha kifundo na mafuta yako yatapoa yenyewe. Hili unalijua, fundi. Umelisahau kwa sababu ni mama.

Sasa nikugombeze. Wewe huchagui mashine. Harusi za watu unazirekodi kwa vifaa vibovu kuliko hivi na wanakushukuru. Unaogopa. Unaogopa siku utakayobonyeza kitufe ukijua kwamba hii huenda ndiyo ya mwisho, na unadhani mashine isipopatikana, siku hiyo nayo haitafika. Mwanangu, daktari ameshapanga tarehe, na hangojei mashine inayokuja. Mimi nisingekuwa jasiri kuliko wewe, nakwambia kweli. Lakini koo ni la mama yako, anayeogopa zaidi ni yeye, na amekaa kitini pale akitaka kuimba mbele ya mtoto wake, wewe unamhesabisha. Kila moja, mbili, tatu imekula kidogo kwenye koo lile lile unalolionea huruma.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Mpigie daktari umuulize mama anaruhusiwa kuimba kiasi gani, na usizidishe hapo hata akitaka yeye mwenyewe. Akiruhusiwa, leo leo msimamishie maiki sebuleni na usimwambie ahesabu. Mwombe wimbo, achague mwenyewe. Sauti ipime humo humo kwenye mstari wa kwanza, ukiharibika mstari mmoja hakufi mtu. Ukishaona inaingia vizuri, vua hedfoni, ukae umsikilize kwa masikio yako. Jumamosi ukumbini wenzake watambebea mistari mizito, ndiyo maana ya kuwa na wenzako.

Na zile hesabu, kama hujazifuta, zitunze. Hasa ile ya juzi alipokuuliza mashine zitamsikiliza lini. Hedfoni zilikuwa masikioni, basi bila shaka rekoda nayo ilikuwa inazunguka. Itakusuta kila ukiisikia, na iache ikusute.

Limebaki la mdogo wako. Mpigie, usimwandikie. Anza kwa kumwomba radhi, uombe kweli, usichomekee mambo ya ubora wa sauti. Ndipo umuulize kama ile rekodi ya jikoni aliifuta. "Sawa kaka" ya namna hiyo naijua, na mimi nina kaka zangu, ni ya mtu aliyekubali kwa mdomo tu. Nadhani bado anayo. Akikutumia usiisafishe, sufuria ziache zigongane, bomba liache limwage maji. Hiyo ndiyo rekodi pekee mtakayokuwa nayo ya mama yenu akiimba kabla hajajua kwamba anaumwa.